Kijana Atasomea Nyumbani? Tuhesabu Kutoka Tano

Mama, baba, mmeshaamua: kijana wa miaka 14 atasomea hapo nyumbani Nairobi, na vipeperushi vya mitaala mezani vinatosha kufungia mandazi ya mtaa mzima. Haya, tuvichambue.

5. Bei. Najua macho yenu yalianzia hapa! Basi ulizeni bei yote: vitabu, mwalimu wa ziada wa hesabu, na ada ya mtihani, ambayo kwa mtihani wa kimataifa wa IGCSE hulipwa somo kwa somo. Masomo 8 ni ada 8.

4. Sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Muoneni wakili kwanza, dawati baadaye.

3. ACE. Mtaala huu ulianzia Texas mwaka 1970, na ni wa Kikristo waziwazi. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, viitwavyo PACE. Kijana hujisahihishia mazoezi, na akikwama husimamisha kibendera mezani. Bibi akiingia sebuleni atauliza ubalozi umefunguliwa lini! Unamfaa sana anayependa kwenda kwa mwendo wake. Anayehitaji watu wa kubishana nao utampooza. Na chuo mnachokitamani kiulizwe mapema kama kinakipokea cheti cha ACE.

2. Kijana mwenyewe. Mpeni sura moja ya kila mtaala, aisome wiki nzima, kisha mketi naye awaeleze alichoelewa na kilichomchosha. Msikilizeni kweli. Mkichagua ninyi peke yenu, mtasoma ninyi.

1. Mtihani. Hapa ndipo pa kukodoa macho, maana mtaala usio na mlango wa kutokea humwacha kijana barazani. Wengi huishia kwenye IGCSE, ya Cambridge au ya Edexcel, na tofauti yao kubwa kwa asomeaye nyumbani iko maabara. Sayansi za Cambridge zina karatasi ya majaribio. Asiye na maabara huchagua karatasi ya 6, ambapo husoma kipimajoto kilichochorwa, hujaza jedwali na kueleza jaribio lingeboreshwaje. Edexcel haina mtihani wa maabara; maswali ya majaribio yamo ndani ya karatasi za kawaida. Hilo lisiwape uvivu! Aliyewahi kumimina siki juu ya magadi akaona povu likipanda hujibu kwa uhakika kuliko aliyekariri. Jikoni patachafuka. Pachafuke.

Tena si kila shule inayofanya IGCSE hupokea watahiniwa wa nje. Kwa hiyo kabla ya kulipia hata kitabu kimoja, pigeni simu kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu. Ulizeni kama wanapokea watahiniwa binafsi, kwa masomo yapi, na uandikishaji unafungwa mwezi gani.