Bati za Mafisa

Duka letu la vifaa vya ujenzi liko Mafiga, Morogoro, na kompyuta yake ni ya enzi hizo. Ukiifungulia vitu viwili kwa pamoja inagoma. Ndiyo maana mpwa wangu, anayesomea mambo ya kompyuta, alituandikia programu isiyo na picha wala kipanya: dirisha jeusi, maandishi meupe, unaandika amri, unabonyeza Enter, oda imeingia. Akaniambia, "Anko, usijichoshe na majina ya kata za wateja. Andika herufi mbili tatu, bonyeza Tab, itakumalizia yenyewe."

Kumaliziwa nakujua. Shuka stendi ya Msamvu, tamka "Ki…" tu, bodaboda ameshawasha na begi lako liko mapajani mwake. Kama ni Kihonda, Kilakala au Kichangani, mtajuana mbele.

Programu ilikuja na tabia hiyohiyo. Naandika "Maf", nabonyeza Tab, inaleta Mafiga. Safi. Ila Manispaa ya Morogoro ina kata ya Mafiga na ina kata ya Mafisa, na programu ilichukua ya kwanza kwa alfabeti bila kuuliza mtu. Mpaka mama mmoja wa Mafisa akapiga simu: "Baba, fundi yuko juu ya kenchi tangu asubuhi, bati ziko wapi?" Bati zilikuwa hapahapa Mafiga, zimeegemezwa kwenye ukuta wa mtu ambaye hajawahi kuagiza hata msumari.

Kijana akarekebisha. Sasa Tab ikawa inazungusha, kama lilivyo dirisha la amri la Windows: bonyeza, jina la kwanza, bonyeza tena, la pili. Jaribu na herufi M hapa kwetu. Mafiga, Mafisa, Magadu, Mazimbu, Mbuyuni, Mindu, Mji Mkuu, Mji Mpya, Mkundi, Mlimani, Mwembesongo, ndipo Mzinga. Mteja wa Mzinga amesimama na pesa mkononi, mimi natembelea manispaa nzima, na kidole kikipitiliza kidogo tu nimerudi Mafiga.

Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili lilishafanyiwa kazi kabla mpwa wangu hajazaliwa. Miaka ya 1970, Ken Greer wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani aliiga umaliziaji wa mfumo ulioitwa TENEX ili autie kwenye sheli, yaani programu ya kupokea amri, ya Unix. Ikazaliwa tcsh, na ile T ni ya TENEX. Baadaye ikaja sheli nyingine, Bash, mwaka 1989. Ustaarabu wake ni huu: Tab inakupeleka mpaka pale majina yanapoachana, inasimama. Ukisisitiza, inakuonyesha yaliyobaki uchague mwenyewe. Yakifika 100 au zaidi, inauliza kwanza kama kweli unataka kuyaona yote. Nani mwingine mjini hapa anakuomba ruhusa kabla ya kukumwagia maneno?

Utamu wenyewe uko kwenye nafasi. Kingo ni kata ya katikati ya mji. Kingolwira iko huko nje, barabara ya Dar es Salaam. Andika "King", bonyeza Tab: programu yenye adabu itaandika "Kingo" na kukiacha kishale kimebana palepale kwenye o. Jina limetimia, lakini huenda bado linaendelea. Lingekuwa peke yake, ingeongeza nafasi moja ujue imemaliza. Ni kanafasi tu, lakini lori la kokoto linakwenda au linarudi kwa ajili yake. Kihonda na Kihonda Maghorofani, hivyohivyo.

Mpwa wangu hataki mtindo huo. Anasema Tab ikisimama njiani watu watadhani imekwama. Yeye anataka ibashiri kata kwa kuangalia wateja wa jana. Wa jana wameshaezeka! Nimekataa.

Nakiri mtindo wangu una dosari moja. Siku tuliyoujaribu niliandika "Maf", Tab ikasimama kwenye "Mafi", na mzee mmoja akachungulia skrini saa hiyohiyo akaniuliza kwa upole kama hayo ndiyo niliyomwandikia. Tumeigeuza skrini itazame ukutani.

Basi, wateja wangu, mpaka kijana akubali kurekebisha, mkija kuagiza tajeni kata mpaka herufi ya mwisho, na msiondoke kabla sijaisoma kwa sauti.