Sura ya Kwanza Imetoka ya Nne

Jumatatu
Stailishiti ya XSLT niliyorithi inatoa namba za sura kwa position(). Sura ya kwanza ya kitabu cha mihogo imetoka na namba 4, ya pili 6, ya tatu 8. Mhariri amepiga simu kuuliza zilizobaki nimezipeleka wapi. Nimemweleza kwamba nafasi tupu kati ya tagi na tagi ni nodi halali ya matini, nayo inahesabiwa. Akauliza kama mwandishi atalipwa kwa hizo pia.

Nimeweka xsl:strip-space. Sasa zinaanzia 2, maana kichwa cha kitabu nacho kimo kwenye foleni na position() haijali nani ni sura na nani siye. Nimeandika count(preceding-sibling::sura) + 1, yaani kila sura ihesabu ndugu zake wa jina moja waliotangulia, kisha ijiongeze yenyewe. Mhariri hajapiga tena.

Jumanne
Waliomba aya ya kwanza ya kitabu ianze kwa herufi kubwa ya mapambo. Mtu ameandika //aya[1], ambayo maana yake ni aya ya kwanza ya kila mzazi. Kila tanbihi ina herufi ya mapambo. Kila chumba cha jedwali la mbolea pia. Mabano yamewekwa, (//aya)[1], ila mchoraji anasikitika.

Jumatano
Umeme hakuna.

Alhamisi
Aliyetuma faili ameongeza xmlns kwenye elementi ya juu kabisa, bila kumwambia mtu. Kwa XPath 1.0, sura isiyo na kiambishi ni sura isiyo na nemspesi, kwa hiyo hakuna hata moja iliyopatikana. Hakuna kosa lililoripotiwa. Kanuni za ndani za XSLT zimeutembea mti wote na kumwaga matini yake: kitabu kizima, aya moja. Mkurugenzi amesimama nyuma ya kiti changu, akasoma, akasema, "Lakini maneno yote yapo." Yapo.

Ijumaa
Kijana wa mafunzo ametafuta lugha ya sura miongoni mwa watoto wa sura, hakuikuta. Ni atributi, huandikwa @lugha. Ameuliza inakuwaje atributi ina mzazi, na mzazi huyo haihesabu kuwa mtoto wake. Nimemwambia ndivyo ilivyopitishwa na W3C, tarehe 16 Novemba 1999. Mhasibu, ambaye hakuna aliyemwuliza, amesema kwao ipo kesi kama hiyo, na bado iko mahakamani.