Fika Harusini kwa Gari la Kifalme, Ukivutwa na Punda wa Bondeni

Umeshaahidi. Siku ya kupeleka posa, tumbo limejaa na mashemeji wanakutazama, ulitamka kwamba bibi harusi ataletwa kwa gari la farasi. Sasa zimebaki wiki tatu, na mtaa wetu mzima wa Bondeni, hapa Nakuru, huoni farasi. Tulia. Punda wapo, fundi wa kuchomelea yupo, na aibu haijafika bado. Nifuate.

1. Jua unachoiga. Gari ambalo kila bibi harusi huliwaza lina jina: landau. Lina magurudumu manne, viti vinavyotazamana, na paa la vipande viwili, kimoja hukunjwa mbele na kingine nyuma. Ubavu wake ni mfupi makusudi, ili walio kando ya barabara waione nguo vizuri. Tarehe 29 Aprili 2011, William na Kate walitoka kanisani London ndani ya landau iliyoundwa mwaka 1902 kwa ajili ya Mfalme Edward wa Saba. Na William alimchumbia Kate hapa hapa Kenya, mwaka 2010. Litaje hilo kwenye kikao cha kamati ya harusi. Ni kweli tupu, na litapandisha michango.

Sasa sikiliza. Uzuri wa landau hautoki kwa farasi, unatoka kwenye ubavu mfupi na paa lililofunguliwa. Mkokoteni wa punda hauna ubavu wala paa. Kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha kabla hujatoa hata shilingi.

2. Achana na farasi. Nchi yetu haijawahi kumhurumia. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi na huua farasi wengi wanaoupata, ilhali punda huuhimili. Wageni wa zamani nao walijipanga bila yeye. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walipotoka Nakuru mwaka 1908 kwenda Uasin Gishu, magari yao yalivutwa na ng'ombe. Nairobi ya zama hizo, Dkt. Rosendo Ribeiro alikuwa akiwatembelea wagonjwa wake akiwa amepanda punda milia. Mtu akikuuliza farasi yuko wapi, msimulie habari za daktari huyo, umalizie kwa kicheko na kubadilisha mazungumzo. Ila punda wako usimpake mistari. Rangi humwasha, na mvua ya Nakuru haiheshimu harusi.

3. Mwendee mwenye punda kwa adabu. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nakuomba usikosee. Usiende kama mtu anayetoa msaada. Punda wa Kenya wamepungua: sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo yalifunguliwa machinjio ya punda, mojawapo Naivasha na jingine Mogotio, ngozi zikawa zinapelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Punda wakaanza kuibwa usiku. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka uliofuata, na mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuikataza biashara ya ngozi hizo bara zima. Mtu aliyelala na kuamka akakuta kamba imekatwa na punda hayupo amepoteza ada ya shule, maji na unga kwa mpigo mmoja.

Sasa wewe unafika na viatu vilivyong'arishwa, unataka punda wawili kwa siku moja. Lazima akushuku, na ana haki. Nenda na mtu anayemfahamu. Salimia vizuri, uliza habari za kazi, kisha sema: "Mzee wangu, nakuomba wewe mwenyewe ndiwe uendeshe." Hapo umepata mambo mawili kwa pamoja. Wasiwasi wake umeondoka, na umempata mwendeshaji ambaye punda wanamtii. Mtafutie koti refu jeusi la mitumba na kofia. Mkononi asishike fimbo. Fimbo huharibu picha, na punda aliyepigwa huonekana kapigwa.

Chagua wawili wanaofanya kazi pamoja kila siku. Punda akizoea mwenzake, ukiwatenganisha analia, na mlio wake utaizima spika ya MC katikati ya maombi.

4. Rekebisha mkokoteni. Mingi imeundwa kwa ekseli na magurudumu ya gari kuukuu. Furahi, kwa maana tairi la mpira hupunguza mtikisiko kuliko gurudumu la mbao. Funga benchi juu ya ekseli barabara. Likisogea mbele, uzito wote unawakalia punda. Likisogea nyuma, miti ya mbele ya mkokoteni inainuka na bibi harusi anatazama mawingu. Ubao uoshwe kwa sabuni, kwa maana juzi ulibeba makaa. Tandika shuka jeupe, ulibane kwa misumari chini ya benchi.

Kisha tazama kamba na nira. Nira ya ng'ombe imekusudiwa kiumbe mwenye nundu. Punda hana, hivyo humchubua shingo. Mwambie fundi ashone mkanda mpana wa kupita kifuani, uwekewe kitambaa laini ndani. Ufunikie utepe wa rangi za harusi. Wageni watasifu utepe, punda watafaidi mkanda, na wewe utachukua sifa zote mbili.

5. Lipe jina. Waunda magari wa Ulaya walifahamu kwamba mteja hununua jina kwanza. Landau ni mji wa Ujerumani. Berline lilichukua jina la Berlin, na kochi lilitoka kijiji cha Kocs kule Hungaria. Hansom la magurudumu mawili lilipewa jina la Joseph Hansom, aliyepata hataza yake mwaka 1834. Lako pia lina mawili, kwa hiyo usithubutu kuliita landau. Kila ukoo una mjomba aliyesoma, naye hungoja siku kama hiyo. Liite Bondeni. Andika kwa herufi za dhahabu nyuma ya benchi, umwambie MC atangaze: "Maharusi wanawasili kwa Bondeni!" Hakuna mjomba atakayekukosoa, kwa sababu ni la kwanza la aina yake.

6. Fupisha safari. Mji wa Nakuru unateremka kutoka Menengai kuelekea ziwani, na mkokoteni hauna breki. Kwenye mteremko mzigo huwasukuma punda kwa nyuma. Kwa hiyo njoo kwa teksi mpaka kona ya mwisho. Punda wawe wanasubiri hapo kivulini, wamekunywa maji. Wekeni mawe kwenye magurudumu, mtu mmoja ashike vichwa vya punda, kigoda kiwekwe, bibi harusi apande. Mita mia mbili tambarare zinatosha. Mpiga picha asimame mbele, na hakuna atakayejua mlikotoka. Wapande maharusi peke yao. Wapambe watembee. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbebesha mnyama kupita kiasi, na shangazi wanne juu ya mkokoteni mmoja ni kupita kiasi.

7. Maliza kiungwana. Mlipe mwenye punda papo hapo, kabla ya keki, fedha kamili mliyopatana. Punda wafunguliwe, wapewe maji na majani. Mwenyewe akae meza ya wageni na apakuliwe pilau mapema, maana kesho alfajiri yeye na punda wale wale wana mitungi ya maji ya kupeleka mtaa wa Kivumbini.