Mkeka wa Ghadhabu

Serikali ya Kenya ilipoamuru, mwezi wa Machi 2020, kwamba skuli zote zifungwe kwa sababu ya maradhi ya korona, na sisi wazazi wa Mombasa tukageuka waalimu pasi na shahada wala mshahara, ilinidhihirikia kwamba hakuna fitina iingiayo nyumbani upesi kama hesabu ya kugawanya yenye baki. Binti yangu mkubwa, ambaye katika mambo mengine yote ni mpole na mwenye adabu, alipofika kwenye baki aliivunja penseli, akajitupa sakafuni, na akapaza kilio hata jirani wakaja, barakoa usoni, kuuliza maiti anazikwa saa ngapi.

Shangazi, aliyesomesha chuoni miaka mingi na sasa amestaafu pamoja na bakora yake, alininasihi. "Mwanangu, mtoto aliyeghadhibika hasikii hoja, basi zihifadhi hoja zako. Mtandikie mkeka pembeni, mpe maji, mfundishe kutoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta, mpaka moyo upunguze mbio. Nasi tumeusiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye ghadhabu akiwa amesimama aketi, na isipomwondoka, ajilaze." Nikaongeza yangu niliyoyasikia kwa matabibu, ya kuwa sehemu ya ubongo imwezeshayo mtu kujizuia haikomai hasa mpaka apite umri wa miaka 20, na mjomba, mwenye ndevu nyeupe, akasema yake anaingoja mpaka leo.

Dawa ilifaa, tena ilifaa kupita kiasi. Binti alijilaza, akashusha pumzi, akanywa maji, akatulia tuli; na nduguze wawili, walioyashuhudia hayo kutoka mezani, wakatambua mara moja kwamba ghadhabu ina mkeka, ina mto, ina maji ya baridi, na haina hesabu. Tangu hapo, kila hisabati ilipoanza, wote watatu walighadhibika kwa pamoja, kwa heshima na taratibu, wakaelekea mkekani, na kitinda mimba, ambaye hata kujumlisha hajakufikia, alinieleza huku kafumba macho: "Baba, kuketi nimeketi, lakini bado haijanitoka, sina budi kulala." Mwalimu wa vipindi vya redio vya KBC aliendelea kuuliza maswali na kungoja majibu, ikanilazimu kumjibu mimi, kwa kuwa ndimi pekee darasani nisiye na hasira.

Shangazi hakukemea. Alichukua sahani ya mabuyu, akaketi nao papo hapo mkekani, akawagawia watoto sawasawa, na kila iliyozidi, yaani baki, akaitia kinywani mwake. Watoto, walipoona baki inavyoliwa, walianza kugawanya kwa uangalifu wa makadhi penye mirathi.

Nami nimeshika kanuni hiyo: mtoto akishatulia asirudishwe penye vita, bali somo ndilo limfuate penye amani, tena lije na kitu cha kutafuna. Mjomba ameiridhia kanuni, ila ameshurutisha kwamba itumike pia siku ya kulipa umeme.