Eksteno Isiyopenda Singeli

Mama wa bibi harusi alinipigia simu saa moja asubuhi. Mtu akikupigia saa hiyo, ama kuna msiba, ama anakudai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, video yetu imefika wapi?"

"Imefika kwa shangazi, mama."

Sikusema uongo. Ilikuwa siku ya nne video inafika kwa shangazi, na kwa shangazi haivuki.

Riziki yangu inatokana na kupiga na kuediti video za shughuli: harusi, sendofu, ubarikio, hata arobaini ya mtoto kama wenyewe wana uwezo. Sendofu hii ilifanyika katika ukumbi mmoja wa Sinza, kamera tatu, tangu saa kumi na mbili jioni mpaka MC alipopokonywa kipaza sauti. Zilipatikana gigabaiti 380 za watu wanacheza. Nikazimwaga zote kwenye eksteno, ile diski ya nje inayoenea kiganjani. Kisha, kwa kuwa Jumamosi iliyofuata nilikuwa na shughuli nyingine, nikazifomati kadi za kamera. Wenye akili zao wameshashika vichwa. Shikeni tu. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja.

Sasa, dakika ya 41 ya video, mlango wa ukumbi unafunguliwa na anaingia shangazi mkubwa wa bibi harusi akiongoza msafara wa kina mama, nyuma yao vijana wanne wamebeba jokofu juujuu kama jeneza la mfalme. DJ anaweka singeli. Shangazi, ambaye mchana wa siku ile alinilalamikia magoti kwa nusu saa nzima, anapiga hatua moja, anajifunga kanga kiunoni, anainama. Na hapo kompyuta yangu inatoa ule mlio wake wa sauti mbili, ya kwanza juu, ya pili chini: ti-du. Picha inaganda. Eksteno haipo tena.

"Imeondoka?" mke wangu anauliza toka jikoni, kwa sauti ileile anayoulizia umeme.

Haikuondoka, ilikuwa palepale juu ya sipiyu, chini ya meza, kitaa chake kinapepesa. Ila kompyuta ilikuwa imeikana. Nikiichomoa na kuichomeka tena inarudi kama mume aliyelala nje: hana maelezo, anataka chai.

Ugonjwa huu una sifa zake, na kila mwenye eksteno ni daktari. Eksteno ndogo haina waya wake wa kwenda ukutani. Inakula humohumo kwenye waya wa data, volti 5 kutoka kwa kompyuta. Tundu la zamani la USB 2.0 linatakiwa kutoa hadi miliampia 500, na la USB 3.0, ambalo mara nyingi ulimi wake ni wa bluu, hadi 900. Ndani ya eksteno kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kama bajaji iliyosimama katikati ya mlima, pale pa kuondokea ndipo inapodai nguvu. Ikipunjwa, inazima. Kwa hiyo ukifika kijiweni ukasema eksteno yako inakatika, hata hujamaliza sentensi utajibiwa na watu watatu kwa mpigo: "Badilisha waya."

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey.

"Huu hapa orijino, bosi," kijana wa duka akaniambia.

"Na ule pale?"

"Ule nao orijino, ila orijino ya bei nafuu."

Tundu la eksteno yangu ni lile pana, lililokaa kama matundu mawili yaliyooana, moja kubwa moja dogo. Waya wa simu za zamani kidogo unaingia vizuri kabisa kwenye lile kubwa, na hii ndiyo fitina yenyewe, kwa sababu mtu anaona umeingia anadhani mambo yameisha. Orijino ya bei nafuu ilipofika nyumbani iliwasha taa, sahani ikazunguka, kompyuta ikawa haioni kitu. Ulikuwa waya wa kuchaji tu, nyaya za data hazimo kabisa. Nikarudi. Nikapewa wa pili, nao wa simu, huu una data lakini kwa mwendo wa USB 2.0, faili lililokuwa likinichukua muda wa kunywa chai sasa lilinichukua muda wa kulima shamba la chai. Safari ya tatu ndipo nilipopata wenyewe, wenye kichwa kipana, mfupi, mnene. Nauli na nyaya zilikuwa zimekaribia nusu ya bei ya eksteno nyingine.

Dakika ya 41. Shangazi. Ti-du.

Mke wangu alisema ni vumbi. Mama mkwe alisema ni jicho, kwamba jokofu lile halikupendwa na kila mtu ukumbini. Rafiki yangu mmoja, fundi kompyuta, alinielekeza niingie kwenye orodha ya vifaa, sehemu ya yuesibi, nikatoe tiki kwenye kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kubana umeme. Kumbe kompyuta nayo ina tabia za baba mwenye nyumba: ikiona chumba kimekaa kimya, inazima taa. Ni ushauri mzuri, na umewaponya wengi. Mimi haukuniponya, kwa sababu eksteno yangu haikukatika ikiwa kimya. Ilikatika katikati ya singeli.

Hapo nikaanza kufikiri, jambo ambalo ningeliepuka tangu mwanzo ningemaliza kazi Jumanne.

Nikasema labda kipande cha shangazi kimekaa kwenye sekta mbovu. Nikapima afya ya diski kwa programu: sekta mbovu hamna hata moja. Nikajaribu kukikopi kipande hicho peke yake kwenda diski ya ndani, ambayo ina nafasi ya kujibana tu maana Windows na programu zimejaa humo kama wapangaji wasiolipa kodi. Kikakopika chote, mimi niko jikoni nanywa uji. Nikarudi kitini, nikakicheza kutoka diski ya ndani. Eksteno, ambayo wakati huo haikuwa inasomwa na mtu, haihusiki, haijaulizwa lolote, ikakatika.

Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimepata diski inayochukia singeli.

Msinicheke kabla hamjasikia ushahidi. Agosti 2022, Raymond Chen, mhandisi wa siku nyingi wa Microsoft, alisimulia kisa cha zama za Windows XP: kampuni moja ya kompyuta iligundua kwamba wimbo wa Janet Jackson, "Rhythm Nation" wa mwaka 1989, ukichezwa unazimisha baadhi ya laptopu zake. Sauti mojawapo ya wimbo huo ililingana na mtikisiko wa asili wa diski za mizunguko 5,400 zilizokuwa ndani. Tena ilizima hata laptopu iliyokaa pembeni, isiyocheza wimbo wowote! Kampuni ikalazimika kuweka chujio la kuiondoa sauti hiyo, na mwaka huohuo wa 2022 udhaifu wenyewe ukasajiliwa rasmi na kupewa namba, kama inavyosajiliwa milango ya wezi. Na mwishoni mwa 2008, mhandisi Brendan Gregg alirekodiwa akizipigia kelele diski za kwenye chumba cha seva, na grafu ikaonyesha zinachelewa kujibu kila anapofoka. Mimi yangu nilikuwa naifokea tangu Jumatatu.

Diski yangu ni ya mizunguko 5,400. Singeli imezaliwa uswahilini huku kwetu Dar es Salaam, mapigo yake yanavuka 200 kwa dakika bila kuona haya. Nani angenizuia? Nilijiona nimesimama jukwaani nchi za watu, nimevaa suti, naeleza ugunduzi.

Nikafanya utafiti. Nikaweka taarabu: eksteno ikatulia, hata nilidhani inasikiliza mafumbo. Nikaweka kwaya: ikatulia. Nikaweka singeli: ti-du. Nikaifunga kanga mbili ili sauti isiifikie: ti-du, na sasa ikawa ya moto kama chapati. Mwisho nikavaa visikizio, sauti yote iende masikioni mwangu, eksteno isisikie chochote. Nikamtazama shangazi akijifunga kanga.

Ti-du.

Mtu mwenye busara angeachana na nadharia yake hapo. Mimi niliongeza kwamba labda diski inasikia kupitia kwenye waya. Ila kulikuwa na jaribio la mwisho: nikaondoa sauti kabisa, nikamwangalia shangazi akicheza bubu tangu mwanzo hadi jokofu linapotua. Haikukatika. Kwa hiyo eksteno ilikuwa inaijua singeli ninayoisikia mimi peke yangu masikioni. Nikampigia simu fundi, nikamweleza kila kitu kwa utaratibu, mpaka Janet Jackson. Alikaa kimya muda mrefu.

"Kaka," akasema, "umekula leo?"

Mpwa wangu wa darasa la tatu alikuwa kwetu kwa likizo. Mchana ule alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, anachora nyumba yenye jua pembeni kama watoto wote wanavyochora. Akaninyanyulia kichwa.

"Mjomba, mbona kila ukivaa hivyo vya masikioni unaipiga hiyo kompyuta?"

"Kompyuta gani?"

"Hii ya chini. Unaipiga na goti."

Sipiyu yangu inakaa sakafuni, upande wa mguu wa kulia. Matundu yake ya mbele yako usawa wa goti. Na mimi, kama marehemu mama alivyonikemea utoto wangu wote, natikisa mguu. Kwa taarabu unayumba kistaarabu tu. Kwa kwaya hauna neno. Lakini ikipigwa singeli goti linaondoka lenyewe, na kila likiondoka linagonga kichwa cha waya pale mbele, tundu lenyewe limeshalegea kwa miaka minne ya kuchomekwa flashi za wateja. Bila sauti, goti halina cha kufuata. Nikiwa jikoni nanywa uji, goti nalo liko jikoni.

Nilikaa kimya nikautazama mguu wangu kama ninavyomtazama mpangaji niliyemgundua anaiba umeme.

Nikahamishia waya nyuma ya sipiyu, kwenye tundu lililounganishwa moja kwa moja na bodi kuu, ambako ndiko ungepaswa kuwa siku zote. Matundu ya mbele yanapelekewa umeme na nyaya nyembamba za ndani, na fundi alishawahi kuniambia hilo, sikusikiliza. Eksteno nikaipandisha mezani, nikaibana kwa gundi ya karatasi. Halafu ndipo nikaona hasara. Diski nilikuwa nimeifomati kwa exFAT ili isomeke Windows na Mac, na exFAT haina lile daftari la kumbukumbu ambalo NTFS hujirekebishia nalo ikikatwa ghafla. Kurenda kwangu kote nilikuwa nakuandikia humo, na kila ti-du ilikuwa imeacha jeraha. Folda la keki lilipotea. Nikapitisha chkdsk, nikasubiri na roho mkononi, ikaniletea folda jipya liitwalo FOUND.000 limejaa mafaili yenye majina kama ya wafungwa: FILE0000.CHK, FILE0001.CHK. Nikaanza kuyapa jina la MP4 moja moja. La saba likafunguka, bibi harusi anamlisha babu keki. Jioni ileile nilinunua eksteno ya pili, nikanakili vyote, na hapo sikutaka hata kuulizia bei.

Mama wa bibi harusi hakutaka tena simu. Alikuja mwenyewe Ijumaa, na bahasha mkononi, ya salio, ambayo aliishika kwa namna ya kunionyesha kwamba ipo lakini haijatoka.

"Nionyeshe hapo kwa shangazi," akasema.

Nikampisha kiti changu. Mpwa wangu akasogea karibu yake, akamwambia kwa adabu, "Bibi, hapo hairuhusiwi kutikisa mguu." Nikamwambia mtoto akachore. Dakika ya 41 ikafika. Mlango ukafunguka. DJ akaweka singeli.

Mama hakutikisa mguu. Alisukuma kiti nyuma, akasimama, akaivua kanga ya begani akaifunga kiunoni. Shangazi kwenye skrini akainama, mama naye chumbani kwangu akainama, kisigino chake kikatua sentimita chache tu kutoka kwenye ekstensheni ya umeme iliyobeba kompyuta, skrini na eksteno zote mbili. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko, akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimeshaingia chini ya meza, nimelala kifudifudi, nimeikumbatia ekstensheni kwa mikono yote miwili, na goti langu, nitalifanyaje, linapiga sakafu.