Jumapili Hazitupwi Chupa

Kwetu Machame, habari ya mwaka 1893 mtoto huifahamu kabla hajaanza mafundisho ya kipaimara. Ndio mwaka wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro, wakajenga, wakafundisha watu kusoma, na wakakazania jambo lililowashangaza babu zetu: siku ya Bwana jembe linalala. Kwa hiyo kanisa liliponichagua nikatumike mwaka mmoja katika usharika huko huko Leipzig, wazee walisema sasa deni linalipwa. "Wao walituletea Injili, sisi tunawapelekea wewe," mwinjilisti alitangaza, na jinsi kanisa zima lilivyocheka sikujua kama nimesifiwa. Bibi hakucheka. Alinifunga kitenge kiunoni akasema, "Usiwatie aibu wale watu, mjukuu wangu. Walipanda huku kwa miguu."

Mimi nilipanda ndege, nina mahubiri matatu yaliyokwisha kuandaliwa na matumaini kwamba Wajerumani watanipokea kwa maswali mazito kuhusu wokovu. Swali la kwanza niliulizwa na jirani wa ghorofa ya chini, na lilihusu takataka.

Huko taka zina madhehebu. Karatasi zina pipa la bluu, plastiki pipa la njano, maganda ya ndizi pipa la kahawia, na kisichopata dhehebu huishia pipa jeusi. Jirani alikuwa ameshika kipakiti changu cha chai kwa ncha za vidole. Alitaka kujua kimefikaje kwenye pipa la njano. Hakuna hubiri langu hata moja lililokuwa na jibu.

Mzee huyu, niliyeanza kumwita Babu bila ruhusa yake, alikulia Ujerumani Mashariki, ambako serikali iliwawekea vijana sherehe yake, Jugendweihe, ichukue nafasi ya kipaimara. Ikafaulu: hadi leo watu wengi wa eneo lile hawana dini yoyote. Kanisa lenyewe Babu alilikaribia vuli ya mwaka 1989 tu, watu walipojaa Kanisa la Mtakatifu Nikolai kwa maombi ya amani ya kila Jumatatu, kisha wakamiminika barabarani. Tarehe 9 Oktoba walikuwa kama 70,000, na yeye alikuwa mmoja wao. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka.

"Kwa hiyo maombi yalijibiwa," nikasema, nikinusa mwanya wa hubiri la kwanza.

"Tulitembea," Babu akajibu.

Jumapili moja nilitoka ibadani moyo mweupe, nikazibeba chupa tupu za usharika kwenda kuzitupa kwenye kontena la vioo mtaani. Ya kwanza ilipasuka kwa kelele nzuri tu, na papo hapo dirisha likafunguka. "Leo Jumapili!" Babu alipiga ukelele. Kweli, kontena lilikuwa na maandishi: siku za kazi tu. Jumapili hazitupwi chupa, hautobolewi ukuta, hazikatwi nyasi kwa mashine, na maduka karibu yote hufungwa. Basi nikasimama pale na chupa ya pili mkononi, mjumbe wa Injili kutoka ng'ambo, nikikumbushwa siku ya Bwana na mtu asiyemwamini Bwana. Wale wamisionari wa 1893 wangeelewana na Babu mara moja. Mimi ndiye wangeniita pembeni.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona nchi niliyotumwa. Imani yenyewe imehama katika nyumba nyingi, lakini ratiba yake imebaki na inalipa kodi ya pango kwa wakati. Kwetu ni kinyume: imani imejaa tele, ratiba ndiyo haishiki nyumbani. Ibada ya saa tatu huanza kwaya ikimaliza kuvaa sare.

Sikukuu ya mavuno, mwanzoni mwa Oktoba, mchungaji aliniomba nionyeshe desturi moja ya kwetu. Nikachagua mnada. Machame, baada ya ibada, sadaka za ndizi, kuku na mayai hupigwa mnada uwanjani, na anayenunua mara nyingi huirudisha sadaka iuzwe tena; yai moja linaweza kununuliwa na watu wanne na bado halina mwenyewe. Nikasimama mbele na boga kubwa la madhabahuni. Mama mmoja akatoa euro tano. Nikawageukia wengine: nani anaongeza? Kimya. Wakanong'onezana, na mmoja akanifafanulia kwamba yule mama ameshalitaka boga, si vizuri kumnyang'anya. Nikamwomba mama, basi, alitoe boga lirudi mnadani. Akalikumbatia. Kisha akaomba risiti ya sadaka kwa ajili ya kodi, mtunza hazina akasema haiwezekani kwa kuwa amepata boga, na mjadala huo ndio uliochangamka kuliko mnada wenyewe.

Familia iliyonihurumia ikanialika chakula cha jioni. Mezani nikakuta mkate mweusi, jibini, soseji baridi na matango ya siki. Nikajua ni vitafunio vya kufungulia, nikala kipande kimoja kwa adabu, sikio nimelitega jikoni. Jikoni kimya. Mama mwenye nyumba akauliza kama nimeshiba, na binti aliyelelewa vizuri hujibu ndiyo. Wakakusanya sahani, wakaleta picha za likizo.

Usiku ule nilisonga ugali saa tano, mwiko ukigonga sufuria kwa hasira takatifu. Asubuhi nikakuta karatasi mlangoni: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba hii hulala.

Karatasi ile haikuugusa ugali peke yake. Mimi husali usiku, tena kwa sauti, nikitembea chumba kizima. Kwetu jirani akisikia sala yako huitikia "amina" kutoka kwake. Sasa ikabidi nikae kitini ninong'one. Wiki za kwanza sala zangu zilikuwa fupi hadi nikaona haya. Bila sauti, nikagundua, yale maneno yangu makubwa makubwa yalikuwa ya jirani zaidi kuliko ya Mungu. Katika Mathayo sura ya 6 Yesu anaagiza mtu aingie chumbani afunge mlango. Aya hiyo nimeifundisha watoto wa shule ya Jumapili bila kuitimiza hata siku moja, mpaka sheria za nyumba ya kupanga ziliponilazimisha. Nikabaki na majina tu: mama, Bibi, wazee ninaowasukumia viti vya magurudumu kila asubuhi katika utumishi wangu, yule mama wa boga, na Babu na goti lake linalomsumbua. Sijawahi kuomba kwa maneno machache hivyo, wala kuinuka kitini nikiwa nimeridhika hivyo.

Mkesha wa Krismasi makanisa ya Ujerumani hujaa hata wasiosali. Babu naye akatokea, amefunga tai, akaketi safu ya mwisho. Kabla sijamuuliza alinieleza kwamba amefuata muziki. Katika mji ambao Bach aliongoza muziki wa kanisa tangu 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, udhuru huo una heshima zake, nami nikaupokea. Tukarudi pamoja. Kwenye ngazi akasimama kulipumzisha goti.

"Siku hizi husali?"

"Nasali, Babu. Kwa kunong'ona, kama karatasi ilivyoagiza."

"Zamani nilikuwa nasikia jina langu."

"Bado lipo. Na goti nalitaja."

Akalitazama goti, akaitazama dari. "Halijapona," akasema. "Labda hasikii vizuri. Paza sauti kidogo, ila kabla ya saa nne."

"Na Jumapili?"

Alishangaa kwamba mtu wa kanisa anaweza kuuliza jambo kama hilo.

"Jumapili," akasema, "unanong'ona."