Klorini ya Barazani

Anayekaa Kindu anajua kwamba karibu kila kitu cha dukani kimesafiri. Kimekuja na treni ya kusini kupitia Kongolo na Kibombo, au kimetoka Kisangani kwa reli hadi Ubundu kisha kikapanda mto kwa boti, au kimeshuka na ndege. Chumvi ikipita safari hiyo inafika ikiwa chumvi. Javeli, yaani maji ya klorini ya kuulia vijidudu, ikipita safari hiyohiyo inaweza kufika ikiwa maji yenye harufu tu. Klorini iliyo majini hupoteza nguvu kwa joto na kwa mwanga, na chupa iliyokaa juani kwenye meza ya soko haimwambii mnunuzi imebakiza nguvu kiasi gani. Kwa sababu hiyo nyumba yetu ya Mikelenge, hapahapa Kindu, iliamua kujitengenezea klorini, kwa chumvi na jua.

Nyumba ina watu: mume wangu, watoto, mama mkwe, na shemeji yangu mdogo ambaye mikono yake haitulii. Nyuma ya nyumba kuna kisima kilichochimbwa na baba mkwe, Mungu amrehemu. Kwa miaka mingi tulichota kwa ndoo na kamba, tukachemsha maji ya kunywa kwa makala, yaani makaa. Makala yalipopanda bei tukaanza kuchemsha nusu, na tunaokaa kando ya mto Lualaba tunajua nusu ile inaweza kuleta nini. Mwaka 2017 kipindupindu kiligusa zaidi ya majimbo 20 kati ya 26 ya Kongo. Ugonjwa huo unamkausha mtu kwa saa chache. Mama ambaye amewahi kukaa kando ya mtoto anayeharisha maji meupe kama ya mchele hahitaji kuhubiriwa habari za maji safi.

Mpango wetu ulikuwa huu. Pompa ya jua inyanyue maji hadi tangi la lita 1000 lililowekwa juu ya mnara wa mbao. Mtambo mdogo, unaowashwa na pano la jua la pompa hiyo na batri, ugeuze maji ya chumvi kuwa javeli. Javeli itie dawa tangi, na bomba lishuke hadi jikoni. Mahoteli yenye mabwawa ya kuogelea ya maji ya chumvi yanatumia kanuni hiyohiyo: bwawa linatiwa chumvi kama gramu 3 au 4 kwa lita, pompa inayapitisha maji katikati ya mabati ya titani yenye umeme, na klorini inazaliwa humohumo. Maji ya kunywa hayawezi kutiwa chumvi yote hiyo, kwa hiyo klorini inatengenezwa pembeni, kwenye chombo kidogo, kisha inapimwa na kumiminwa. Antenna Foundation ya Geneva ndiyo iliyosambaza mitambo midogo ya namna hiyo, inayoitwa WATA, na Kongo yetu nayo imeitumia.

Kilichoanza kutusumbua ni pompa.

Pompa ya kwanza ilikuwa ya kukaa juu ya ardhi. Fundi aliifunga kando ya kisima, akateremsha bomba, akajaza maji ya kuanzia, akaunga nyaya. Maji yakapanda mnara, watoto wakapiga makofi, mama mkwe akaomba dua. Hiyo ilikuwa masika, kisima kimejaa. Kiangazi kilipoingia, kuanzia mwezi wa sita, pompa ikawa inanguruma bila kutoa kitu. Shemeji akasema mashine ni mbovu. Fundi akasema pano ni dogo, akatushauri tununue lingine. Mume wangu akaanza kuhesabu faranga.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua majani ya sombe. Akaniita.

"Mama, lete ile kamba ya ndoo."

Kamba ile ina mafundo. Kila fundo ni kipimo cha mkono mmoja, na marehemu mume wake ndiye aliyeyafunga ili ajue kisima kinashuka kiasi gani kila mwaka. Shemeji akateremsha ndoo, mama akahesabu mafundo kwa sauti, taratibu, mpaka ndoo ikagusa maji.

"Maji yamekimbia," akasema. "Mashine yenu inavuta, lakini haifiki."

Ndivyo ilivyokuwa. Pompa inayokaa juu haivuti maji kwa nguvu yake yenyewe. Inaondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo una mpaka: kwenye usawa wa bahari hauwezi kuinua maji kupita mita 10 hivi hata mashine ikiwa kamilifu, na kwa mashine za kawaida mtu asitegemee zaidi ya mita 7. Ukiongeza mapano, mpaka uko palepale. Ukiongeza batri, mpaka uko palepale. Dawa yake ni pompa ya kuzamishwa, ambayo inakaa ndani ya maji na kuyasukuma kutoka chini. Tuliuza ile ya kwanza kwa jirani mwenye kisima kifupi, tukaagiza ya pili, tukarudi kwenye ndoo na kamba mpaka ndege ilipoileta. Shemeji aliifunga kwa kamba imara, akaacha nafasi kati yake na udongo wa chini, na vali ya kuzuia maji yasirudi akaiweka juu ya pompa. Tangi likajaa katikati ya kiangazi.

Ikabaki klorini yenyewe. Kazi yake ni rahisi kuieleza, na ukali wake umo kwenye vipimo. Unachukua lita moja ya maji masafi na gramu 25 za chumvi, pungufu ya chumvi iliyomo katika maji ya bahari, ambayo ni kama gramu 35 kwa lita. Chumvi ya soko la Kindu mara nyingi huja na mchanga na vumbi, kwa hiyo tunaikoroga kwanza kwenye chupa mpaka isiyeyuke tena, tunaiacha itulie, tunachukua yale maji ya juu yaliyotakata, kisha tunayazimua. Umeme wa moja kwa moja unapopita kati ya mabati, upande mmoja unatoa klorini na upande wa pili unatoa haidrojeni kwa mapovu madogo kama ya soda. Soda kali inayobaki majini inaishika ile klorini, navyo vinakuwa javeli yenye nguvu ya gramu 6 hivi za klorini kwa lita.

Haidrojeni inawaka. Shemeji alitaka kuuweka mtambo jikoni ili usiibwe, na jiko letu ni la makala. Hapo nilikataa kabisa, na kila mwenye nyumba anapaswa kukataa. Mtambo ukae penye upepo, mbali na moto, mbali na sigara, mbali na mkono wa mtoto. Tuliuweka barazani, chini ya paa, na mbao za kuukinga.

Baraza likatuletea msiba wake. Javeli ya kwanza ilitiwa kwenye chupa ya plastiki iliyowahi kuwa ya maji ya kunywa, isiyo na alama yoyote. Mama mkwe ana kitenge cha sherehe, cha bluu na manjano, alichoshonewa kwa harusi ya mwanawe mkubwa. Kilianuliwa kambani, kikakunjwa vizuri, kikawekwa barazani kisubiri kupigwa pasi. Msichana anayetusaidia aliona doa la mafuta ya mawese upindoni, akachukua chupa iliyokuwa karibu, akamimina ili alisuuze. Kufika jioni, mahali pa doa palikuwa na ua jeupe la ukubwa wa kiganja, na kingo zake zilizidi kupanuka.

Msichana alilia. Mama mkwe alikikunjua kitenge magotini, akakitazama muda mrefu, kisha akamshika mkono.

"Usilie, mwanangu. Nguo imepotea, wewe hukunywa. Tungekuzika."

Siku ileile kila chupa ya javeli ilipakwa rangi nyekundu, ikaandikwa kwa herufi kubwa, ikapandishwa kwenye rafu ya juu yenye mlango. Fundi cherehani alikata sehemu iliyoharibika, akaweka upindo mwingine, na mama anakivaa kitenge hicho hadi leo.

Mvua zilipoanza ndipo tulipofikia shida kubwa zaidi. Udongo wetu ni mwekundu, na mvua ya kwanza iliingiza wekundu huo kisimani. Tulitia kipimo kilekile cha javeli, tukasubiri, tukapima kwa kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi penye klorini. Maji yalibaki na rangi ya chai hafifu, bila waridi hata kidogo. Jirani akashauri tuongeze dawa. Tukaongeza. Tangi likaanza kunuka, watoto wakakataa kunywa, na kidonge hakikuonyesha kitu. Mume wangu akasema mtambo umekufa.

Mtambo ulikuwa mzima. Klorini haichagui adui. Ikikutana na udongo, majani yaliyooza na uchafu mwingine, inatumika humo mpaka inaisha, na vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe za udongo vinabaki salama. Ile harufu kali ambayo watu wengi wanaichukulia kuwa dalili ya usafi mara nyingi ni harufu ya klorini iliyokwisha kuungana na uchafu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yawe yametakata kabla ya kutiwa dawa, kisha yabaki na miligramu 0.5 za klorini huru kwa lita baada ya angalau dakika 30, kwa maji yasiyo na alkali nyingi. Sharti la kutakata ndilo la kwanza, na sisi tulikuwa tumeliruka.

Kwa hiyo nyumba ikapangwa upya kwa kufuata maji. Kabla ya tangi la juu tuliweka pipa la kutulizia. Maji ya kisima yanaingia humo jioni pamoja na shabu kidogo iliyosagwa, yanakorogwa kwa nguvu, kisha polepole, kisha yanaachwa. Shabu inazikusanya chembe za udongo ziwe mabonge, nayo yanazama. Mama mkwe anakumbuka wazee waliotumia mbegu za mlonge kwa kazi hiyohiyo, na ni kweli mbegu hizo zinatakasa. Asubuhi maji ya juu yanapita kwenye pipa la mchanga, pompa ndogo inayapandisha, na hapo tu ndipo javeli inatiwa. Kwa lita 1000 tunatia kikombe kimoja chenye alama, theluthi moja ya lita, ambayo inatoa kama miligramu 2 kwa kila lita. Tunasubiri nusu saa. Kidonge kinaingia kwenye bomba la kioo, na waridi inatokea.

Kipimo hicho kimekuwa kazi ya mtoto wetu wa kike wa darasa la sita. Anaandika kwenye daftari tarehe, rangi ya maji, kiasi cha dawa na matokeo. Sikumpa kazi hiyo ili nimfurahishe. Nilimpa kwa sababu mkubwa mwenye haraka anasema "itakuwa sawa," naye hasemi hivyo. Rangi ikipauka anapaza sauti, na hakuna anayefungua bomba la jikoni mpaka jambo lieleweke. Baba yake mwenyewe amesimamishwa na kikombe mkononi, akatii.

Mengine ni ya utunzaji, na mtu asiyeyataka asinunue mtambo. Mabati yanaota ukoko mweupe kutokana na chokaa ya maji, na yanalowekwa kwenye siki mpaka utoke. Hewa yenye klorini inakula shaba: vichwa vya nyaya vya batri vilikuwa vimeota kijani kabla shemeji hajaviweka kwenye boksi lake, upande wa pili wa ukuta, na kuvipaka grisi. Javeli yenyewe haiwekwi akiba. Nguvu yake inashuka haraka, kwa hiyo tunatengeneza ya siku na kuitumia siku hiyo, na inayobaki inasafisha sakafu na choo.

Majirani wanakuja sasa na bidoni za lita 20. Tunawapa dawa kwa sharti moja: bidoni ioneshwe kwanza kwenye mwanga. Maji yakiwa na tope, yanarudi nyumbani yakatulizwe. Yakiwa yametakata, yanatiwa kijiko kimoja na nusu cha chai, kifuniko kinafungwa, na mwenye bidoni anaambiwa asubiri nusu saa kabla mtoto hajanywa. Wengine mwanzoni walinuna, wakidhani tunawanyima. Siku hizi wanafika na maji yaliyokwisha kutulia.

Ninayoyataka kwa Kindu ni haya. Mtambo wa namna hii hauhitaji barabara ya lami wala ghala la baridi. Unahitaji jua, ambalo tunalo; chumvi, ambayo haiharibiki njiani; na maji, ambayo mto na mvua vinatupa. Kamati ya avenyu inaweza kuwa nao, na shule inaweza, na kanisa na msikiti vinaweza, Kasuku, Mikelenge na ng'ambo kule Alunguli. Lakini kabla ya kuchangisha faranga za mashine, kamati ichague kwanza mtu wa daftari, na imwahidi kwamba akisema maji hayajafaa, mkubwa yeyote wa avenyu atasubiri.